Chuma Chenye Kaboni Kidogo: Sera za Viwanda na Nafasi ya Mkazi

Matini ya mada iliyowasilishwa mbele ya wakazi, wenye viwanda na mafundi wa jua kali



Mada ya leo ni chuma. Hakuna nyumba katika Kaunti ya Kilifi isiyo na chuma. Kipo kwenye nondo zinazoshika nguzo, mabati ya paa, misumari, jembe, mlango wa geti, karai la fundi mwashi na fremu ya bodaboda. Kwa wakazi wa Mariakani, Kaloleni na Rabai, chuma pia ni ajira, kwa kuwa barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi imevuta viwanda vya mabati na vyuma kwa miaka mingi. Kwa hiyo sera za dunia kuhusu chuma zinapobadilika, mabadiliko hayo hufika hadi dukani kwa muuza vifaa vya ujenzi na hadi mfukoni mwa kijana anayeokota vyuma chakavu.

Na sera hizo zinabadilika. Dunia hutengeneza takriban tani bilioni 1.9 za chuma kila mwaka, na zaidi ya nusu ya chuma hicho hutoka China. Sekta hii peke yake hutoa kati ya asilimia 7 na 9 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Hiyo ndiyo gesi inayoongeza joto la dunia, na wakazi wa Pwani hawahitaji kusimuliwa matokeo yake. Ukame wa Ganze na Magarini wanaujua, na mafuriko ya Mto Sabaki wanayajua.

Kwa nini chuma hutoa kaboni nyingi

Chuma hakichimbwi kikiwa chuma. Kinachochimbwa ni madini, yaani mawe mekundu ambamo chuma kimeshikamana na oksijeni, kama kutu ilivyo. Kazi ya kiwanda ni kuitoa oksijeni hiyo. Kwa karne nyingi njia iliyotumika ni kuyachanganya madini na makaa ndani ya tanuru refu lenye moto mkali. Makaa hayo hutengenezwa kwa kuoka makaa ya mawe bila hewa mpaka yabaki kaboni tupu, nayo huitwa koki. Ndani ya tanuru, kaboni ya koki huinyang'anya madini oksijeni. Chuma hubaki chini kikiwa kimeyeyuka, na kaboni pamoja na oksijeni hutoka juu zikiwa hewa ya ukaa.

Hapa ndipo penye ugumu wa sekta hii. Mwenye kiwanda cha nguo anaweza kubadilisha chanzo cha umeme na akawa amemaliza sehemu kubwa ya kazi. Mwenye tanuru la koki hawezi, kwa sababu kaboni ni sehemu ya kazi yenyewe. Hata moto ungekuwa safi kiasi gani, koki ingeendelea kutoa hewa ya ukaa.

Kwa wastani, tani moja ya chuma kilichopitia tanuru la koki hutoa zaidi ya tani 2 za hewa ya ukaa, takriban tani 2.3. Takriban asilimia 70 ya chuma cha dunia hupitia njia hiyo.

Njia ya pili ni kuyeyusha vyuma chakavu kwa umeme. Chuma chakavu kilishatolewa oksijeni zamani, kwa hiyo kinachohitajika ni joto tu. Kwa wastani wa dunia, njia hii hutoa takriban tani 0.7 kwa kila tani ya chuma, na kiasi hicho hushuka zaidi iwapo umeme unatoka kwenye maji, upepo, jua au joto la ardhi.

Njia ya tatu ni mpya. Gesi ya haidrojeni hutumika mahali pa koki. Haidrojeni ikikutana na oksijeni ya madini, kinachotoka ni mvuke wa maji. Nchini Sweden mradi uitwao HYBRIT ulianza mwaka 2016, ukajenga kiwanda cha majaribio mjini Luleå, na mwezi Agosti 2021 ukakabidhi shehena ya kwanza ya chuma kilichotengenezwa hivyo kwa kampuni ya magari ya Volvo. Jambo limewezekana. Swali lililobaki ni gharama.

Mfano wa nondo moja

Takwimu za mabilioni ya tani ni vigumu kuzishika, basi ichukuliwe nondo moja. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12, ile inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, ina uzito wa takriban kilo 10.7. Ikiwa chuma chake kilitoka kwenye tanuru la koki, nondo hiyo imeacha hewani takriban kilo 25 za hewa ya ukaa kabla ya kupandishwa lori. Ikiwa ilitoka kwenye chuma chakavu kilichoyeyushwa kwa umeme, ni takriban kilo 7 na nusu.

Kwa macho, nondo hizo mbili hazitofautiani. Bei yake dukani inaweza kuwa moja. Fundi hawezi kuzitambua na mnunuzi hawezi kuzitambua. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza inayofanya serikali ziingilie kati, kwani soko lenyewe halina njia ya kuonyesha tofauti ambayo haionekani.

Serikali nyingine zimefanya nini

Sera zilizopo duniani zinaweza kugawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni kuipa kaboni bei. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2005 mfumo unaovitaka viwanda vikubwa kuwa na kibali kwa kila tani ya hewa ya ukaa. Kwa miaka ya karibuni bei ya kibali imekuwa ikipanda na kushuka, mara nyingi kati ya euro 60 na 90. Kwa bei ya euro 70, tani moja ya chuma cha koki ingebeba gharama ya takriban euro 160. Lakini kwa muda mrefu viwanda vya chuma vilipewa sehemu kubwa ya vibali bure, kwa hofu kwamba vingefunga na kuhamia nchi zisizo na masharti. Matokeo yake ni kwamba bei iliandikwa kwenye karatasi na haikuuma sana. Afrika Kusini nayo ilianza ushuru wa kaboni mwezi Juni 2019, na Machi 2025 China ilitangaza kuviingiza viwanda vya chuma, saruji na aluminiamu katika soko lake la kitaifa la kaboni.

Fungu la pili ni ushuru wa mpakani. Ili kuondoa vibali vya bure bila kuua viwanda vyake, Ulaya imeunda mfumo unaojulikana kwa kifupi kama CBAM. Anayeingiza Ulaya chuma, saruji, aluminiamu, mbolea, haidrojeni au umeme analipia kaboni iliyomo, karibu sawa na anavyolipa mwenye kiwanda wa Ulaya. Kipindi cha kutoa taarifa tu kilianza Oktoba 2023, na malipo yanahusu bidhaa zinazoingia kuanzia Januari 2026. Vibali vya bure vinapunguzwa hatua kwa hatua hadi mwaka 2034.

Fungu la tatu ni ruzuku ya kubadilisha mitambo. Ujerumani imetenga mabilioni ya euro kusaidia viwanda vyake kuacha koki na kuingia haidrojeni. Lakini ruzuku haitoshi ikiwa umeme na haidrojeni ni ghali. Mwezi Juni 2025 kampuni ya ArcelorMittal iliacha mpango wake katika miji ya Bremen na Eisenhüttenstadt, ingawa ilikuwa imeahidiwa euro bilioni 1.3, ikieleza kwamba hesabu za biashara hazikubali.

Fungu la nne ni ununuzi wa serikali na alama za ubora. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kununua safi. Anayetaka kuuza nondo au vyuma vya majengo kwa miradi ya jimbo lazima alete hati inayoonyesha kaboni iliyomo, na isizidi kikomo kilichowekwa. India, ambayo huiuzia Kenya chuma, ilitangaza Desemba 2024 mpango wa nyota. Chuma chenye kaboni chini ya tani 2.2 kwa tani huitwa cha kijani. Kilicho kati ya 2.0 na 2.2 kina nyota 3, kati ya 1.6 na 2.0 nyota 4, na chini ya 1.6 nyota 5. Wapo wanaosema kikomo hicho ni cha juu mno. Hata hivyo, mnunuzi sasa ana cha kuuliza.

Funzo la Port Talbot

Kabla ya kuiga sera ya yeyote, mkazi anafaa kujua kilichotokea Port Talbot, mji wa pwani nchini Wales. Kwa vizazi kadhaa mji huo uliishi kwa chuma cha koki. Serikali ya Uingereza ilikubali kutoa pauni milioni 500 kati ya pauni bilioni 1.25 zinazohitajika kujenga tanuri kubwa la umeme litakaloyeyusha vyuma chakavu. Tarehe 30 Septemba 2024 tanuru la mwisho la koki lilizimwa.

Kwa upande wa hewa, faida ni kubwa, kwani kaboni ya kiwanda hicho inatarajiwa kupungua kwa takriban asilimia 90. Kwa upande wa watu, zaidi ya kazi 2,000 zilipotea, kwa kuwa tanuri la umeme linahitaji mikono michache. Isitoshe, tanuru la zamani lilizimwa kabla jipya halijajengwa. Kulikuwa na pengo la miaka, na katika pengo hilo fundi mwenye watoto shuleni hawezi kuishi kwa kuambiwa kwamba hewa itakuwa safi.

Funzo ni la mpangilio. Sera ya kaboni isiyokuwa na ratiba ya wafanyakazi, mafunzo na biashara ndogo zinazozunguka kiwanda huwatwika wachache mzigo wa wote. Wafanyakazi wakipewa taarifa mapema, wakajua mashine gani inakuja na ujuzi gani utahitajika, mabadiliko huleta maumivu machache.

Kenya imesimama wapi

Kenya ina bahati moja kubwa na upungufu mmoja mkubwa.

Bahati ni umeme. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutoka kwenye joto la ardhi, maji, upepo na jua, na joto la ardhi la Olkaria na maeneo jirani peke yake hutoa zaidi ya asilimia 40. Kuyeyusha tani moja ya chuma chakavu huhitaji takriban yuniti 600 za stima. Stima hiyo ikitoka Olkaria, kaboni ya kuyeyushia ni ndogo sana ikilinganishwa na nchi zinazochoma makaa ya mawe. Viwanda vya Mariakani, Mombasa, Athi River, Ruiru na Nairobi vinavyoyeyusha vyuma chakavu kwa umeme tayari vinatumia njia ambayo Port Talbot inaitafuta kwa mamia ya mamilioni ya pauni.

Upungufu ni chuma chakavu chenyewe. Nchi changa kwa ujenzi haina majengo mengi ya kubomoa wala magari mengi ya kutupa. Chuma kinachohitajika kujenga ni kingi kuliko kinachochakaa. Kwa hiyo viwanda hununua ng'ambo chuma ambacho hakijakamilishwa, na watengenezaji wa mabati hununua roli za chuma bapa kutoka nchi kama Japan, China na India. Kaboni ya roli hizo ilitolewa huko. Haihesabiwi kuwa ya Kenya, lakini anga ni moja.

Madini ya chuma yapo nchini, yakiwemo ya Taita Taveta na Tharaka Nithi. Siku yatakapochenjuliwa kwa wingi, uamuzi wa njia utakuwa mzito. Njia ya koki italeta nchini kaboni ambayo leo haipo. Njia ya haidrojeni inahitaji takriban yuniti 3,500 za stima kwa kila tani. Kiwanda cha tani milioni moja kwa mwaka kingehitaji takriban megawati 400 usiku na mchana, wakati kilele cha matumizi ya nchi nzima mwanzoni mwa mwaka 2025 kilikuwa zaidi kidogo ya megawati 2,300. Ni zaidi ya sehemu moja kwa sita ya stima yote, huku kukiwa bado na vijiji vinavyongoja nguzo ya kwanza. Kwa muda wa karibu, basi, mahali penye faida ya haraka ni vyuma chakavu, matumizi bora ya nishati na ununuzi.

Je, CBAM ya Ulaya itaiumiza Kenya? Moja kwa moja, kidogo. Chuma cha Kenya kinachouzwa nje huelekea zaidi Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, wala si Ulaya. Hatari ipo upande mwingine. Chuma cha kaboni nyingi kinachokataliwa Ulaya kitatafuta soko lingine, na bandari ya Mombasa iko wazi. Kikija kwa bei ya kutupa, kitavibana viwanda vya hapa ambavyo vina kaboni ndogo. Kenya haina ushuru wa kaboni, na hakuna hati inayotakiwa kwenye bandari kuonyesha kaboni ya nondo. Hilo ni jambo la serikali ya kitaifa, lakini wakazi na wafanyakazi wana haki ya kuliuliza.

Vyuma chakavu: mnyororo unaoanzia mtaani

Kiwanda cha umeme ni safi kwa kadiri mnyororo wake ulivyo safi, na mnyororo huo huanza na kijana mwenye mkokoteni.

Kwanza ni suala la wizi. Mwezi Januari 2022, baada ya umeme kukatika nchi nzima na minara ya laini kubwa kuanguka, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Marufuku iliondolewa baada ya miezi michache pamoja na kanuni mpya. Katika kipindi hicho waokotaji halali walikosa kazi kwa sababu ya wezi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inataka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za anayemuuzia. Sheria hiyo ikifuatwa, kifuniko cha mtaro na chuma cha daraja havitapata mnunuzi, na mwokotaji mwaminifu hatalala rumande kwa kosa la mwingine.

Pili ni kupanga. Nyaya za shaba na mota zikichanganywa na chuma, shaba huingia kwenye kuyeyushwa na haitoki tena. Chuma kilichozidi shaba hupasuka kinapovutwa kikiwa cha moto, na nondo yake haiaminiki. Mitungi ya gesi na vyombo vilivyozibwa ni hatari zaidi, kwani vinaweza kulipuka tanurini na kuua wafanyakazi. Mwokotaji anayepanga vizuri anaokoa maisha, na mzigo wake unastahili bei bora. Ushirika wa waokotaji wenye mizani iliyokaguliwa ungewasaidia kudai bei hiyo.

Tatu ni moshi. Kaboni kidogo haina maana ya hewa safi, na wakazi wanaoishi karibu na viwanda wasikubali mambo hayo mawili yachanganywe. Mabati chakavu yamepakwa zinki, na baadhi ya rangi za zamani zina risasi. Vikiyeyushwa, hutoka vumbi lenye sumu. Kiwanda chenye vichujio vya mifuko vinavyofanya kazi hulinasa vumbi hilo. Kisichokuwa navyo, au kinachovizima usiku, hulimwaga kwenye matangi ya maji na mapafu ya watoto.

Pwani ina kumbukumbu chungu ya jambo hili. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kaunti jirani ya Mombasa, kuyeyushwa kwa betri kuukuu kuliwaachia wakazi sumu ya risasi mwilini. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwa miaka zaidi katika mahakama za juu. Kuchakata taka ni jambo jema, lakini pale halikulindwa, na waliolipa ni majirani.

Kaunti ina uwezo gani

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Leseni za biashara na upangaji wa ardhi pia ni kazi za kaunti. Leseni ya mazingira hutolewa na NEMA, na sera ya nishati ni ya kitaifa. Katika mipaka hiyo, yapo mambo manne yanayowezekana.

La kwanza ni zabuni. Kaunti hununua vyuma kila mwaka kwa ajili ya madarasa ya chekechea, zahanati, masoko na madaraja ya miguu. Zabuni inaweza kumtaka mwenye kandarasi aonyeshe chuma kilitoka wapi na kilitengenezwa kwa njia gani, pamoja na uthibitisho wa ubora wa KEBS. Mwanzoni liwe swali tu, ili wauzaji wajifunze kujibu. Kikomo kije baadaye. Mradi wa tani 5 za nondo ukinunua za umeme badala ya za koki, tofauti ni takriban tani 8 za hewa ya ukaa. Tahadhari ni moja: masharti yasiandikwe kwa namna inayompendelea muuzaji mmoja, maana hapo sera ya kijani hugeuka mlango wa ufisadi.

La pili ni nishati ndani ya kiwanda. Baada ya kuyeyushwa, chuma hupashwa tena kabla ya kuvutwa kuwa nondo, na matanuri ya kupashia mara nyingi huchoma mafuta mazito. Kiwanda kinachopeleka chuma kikiwa bado cha moto kutoka hatua moja hadi nyingine hupunguza mafuta na gharama kwa pamoja. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zinavitaka viwanda vinavyotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka vifanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka 3, na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Kanuni hii ipo tayari. Kinachohitajika ni kuifuata.

La tatu ni kuongeza maisha ya chuma kilichokwisha nunuliwa. Chumvi ya bahari hula mabati haraka kuanzia Mtwapa hadi Malindi. Paa la shule lililowekwa mabati membamba yasiyo na rangi hubadilishwa mapema, na kila kubadilisha ni chuma kipya na kaboni mpya. Kuchagua geji nzito yenye mipako mizuri, na kupaka rangi geti na fremu kwa wakati, ni sera ya kaboni isiyohitaji wataalamu kutoka ng'ambo.

La nne ni mafunzo. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kufundisha uendeshaji wa matanuri ya umeme, ukarabati wa vichujio, ukaguzi wa nishati na upangaji wa vyuma chakavu. Vijana wa Kaloleni wakiwa na ujuzi huo kabla mitambo mipya haijafika, hawatabaki walinzi wa geti huku mafundi wakiletwa kutoka kwingine.

Mkazi afanye nini

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Kabla ya kufika huko, zipo hatua nyepesi. Kiwanda kipya kinapopendekezwa, ripoti ya athari za mazingira hutangazwa, na umma hupewa muda wa kutoa maoni. Maoni ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yana uzito kuliko malalamiko ya barazani. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu mwananchi kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na ofisi hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Vipimo vya moshi wa kiwanda kilicho jirani ni taarifa ya kuombwa.

Bajeti nayo ina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, mwongozo wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio kufikia Aprili 30. Anayetaka shule ya wadi yake iezekwe mabati ya kudumu aseme kabla ya tarehe hizo, kwa mwakilishi wadi na katika vikao vya ushirikishaji wa umma. Baada ya hapo fedha zimeshagawanywa.

Wafanyakazi wa viwandani wana swali lao la kuuliza kupitia vyama vyao: kuna mpango gani wa mitambo kwa miaka 5 au 10 ijayo, na nani atafunzwa? Port Talbot imeonyesha kwamba swali hilo likichelewa, jibu huja pamoja na barua ya kuachishwa kazi.

Hewa ya ukaa ya chuma haitapunguzwa na Kilifi peke yake. Tanuru moja kubwa la Asia hutoa kaboni kuliko viwanda vyote vya barabara ya Mariakani. Lakini nchi yenye umeme safi ina nafasi ambayo nyingi hazina, nayo itafaa ikiwa vyuma chakavu vitakusanywa kwa uaminifu, vichujio vitawashwa mchana na usiku, na fedha za umma zitanunua chuma kinachojulikana kilikotoka. Mambo hayo yanaamuliwa karibu, katika wadi, katika zabuni na katika geti la kiwanda. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.